Likizo Haijazinduliwa

Kuna watu wenye midomo wanaosema nchi yetu haiwajali watoto. Uongo mtupu, tena uongo wa mchana kweupe. Mimi Salehe Mbaruku, Afisa Itifaki Msaidizi Daraja la Tatu, nimeitumikia serikali hii miaka kumi na saba, na naapa sijaona nchi inayowafikiria watoto kama hii. Nchi nyingine shule zikifungwa mtoto anaachiwa tu, akacheze, aende kwa bibi yake, arudi na magoti yaliyochubuka na hadithi tatu mpya. Sisi hapana. Sisi tuna wizara.

Naandika haya nikiwa nyumbani, kwa sababu nami nimepewa likizo. Ni likizo ya lazima, haina tarehe ya mwisho, na nasikitika kusema hakuna kiongozi aliyekuja kuizindua. Basi nina nafasi ya kueleza mambo yalivyokwenda, bila chumvi, ili kila mtu aone kwamba serikali haikukosea mahali popote na kwamba mwenye makosa ni mimi peke yangu.

Wizara ilizaliwa hivi. Siku moja Mkuu wa Nchi alisimama dirishani kwake, akamwona mtoto amekaa juu ya ukuta, anabembeza miguu. Akauliza, "Yule anafanya nini?"

Washauri wakatazamana. Mmoja akajikaza. "Hafanyi kitu, Mtukufu. Shule zimefungwa. Yuko likizo."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Hakuna aliyejua. Baada ya wiki mbili tukawa na Wizara ya Likizo Ndefu na Uchangamfu wa Watoto, yenye waziri, naibu wake, wakurugenzi watatu na jengo la ghorofa nne. Mtoto wa ukutani alitafutwa atoe maoni kama mdau, hakupatikana. Inasemekana aliitwa na mama yake akale.

Sheria ya Likizo Yenye Tija ni fupi na tamu. Kifungu cha kwanza kinasema kila mtoto, katika siku thelathini za likizo ndefu, atakimbia, atacheza, atasoma na kujifunza kila siku, kwa furaha. Cha pili kinasema furaha hiyo itajazwa kwenye fomu. Cha tatu kinasema hakuna mtoto atakayeanza kukimbia, kucheza, kusoma wala kujifunza kabla likizo haijazinduliwa na mgeni rasmi.

Kifungu cha tatu nilikiandika mimi. Siwafichi, nilijisikia vizuri. Kwetu hakuna jambo la maana linaloanza hivi hivi tu. Kisima cha kata yetu kilikaa na maji yake mwaka mzima kikimngoja mgeni rasmi, na wananchi wakawa wanakwenda mtoni kwa nidhamu kubwa. Wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, zamani hizo, ilingoja miezi minne. Akina mama walijifungulia barazani huku wakiutazama utepe. Sasa kama wodi inaweza kungoja, likizo ni nani?

*

Siku ya kwanza ya likizo, saa kumi na mbili asubuhi, watoto mia nne wa kata yetu walikuwa wameshakaa uwanjani kwenye viti vya plastiki, vimenyooshwa kwa kamba. Katikati ya uwanja tuliweka hema, na ndani ya hema kila kitu ambacho mtoto angetamani: mipira, kamba za kuruka, ngoma nne, rangi za kuchorea, vitabu vya hadithi mia sita. Hema lote tulilizungushia utepe wa rangi za taifa. Mbele tukaweka meza kuu yenye vitambaa, maua ya plastiki na chupa za maji. Mheshimiwa Waziri alitarajiwa saa tatu.

Binti yangu Sikudhani, miaka kumi, alikaa kiti namba mia mbili na kumi na mbili. Nilimwona kwa mbali. Macho yake hayakuwa kwenye mipira wala kwenye vitabu, yalikuwa kwenye barabara inayoingia kutoka stendi ya mabasi, na mimi nilijua sababu.

Mama yangu, Bi Kazija binti Shaibu, ni mkunga mstaafu. Miaka thelathini na minane alikwenda kuzalisha wanawake wa vijiji sita kwa baiskeli, baiskeli nyeusi, kubwa, ya kiume, yenye kengele inayosikika hadi ng'ambo ya mto. Nusu ya watu wa kijiji chetu wamejua kuendesha kwa mkono wake. Njia yake ni moja: anakupandisha, anashika tandiko, anakimbia nyuma yako huku anakutukana, kisha anakuachia bila kukwambia. Unakuja kushtuka uko peke yako na unakwenda. Katika wanafunzi wake wote aliyeshindwa ni mmoja tu, na huyo akaingia kazi ya itifaki.

Likizo hii ilikuwa zamu ya Sikudhani. Tangu Januari alikuwa anaiongelea. Na ilikuwa lazima iwe hii, kwa sababu goti la mama lilikuwa limechoka. Daktari alishampangia kupasuliwa, siku ya ishirini na moja ya likizo, alfajiri. Alimwambia waziwazi kwamba baada ya hapo hakuna kukimbia tena nyuma ya mtoto, hata akilia vipi. Sikudhani alijichorea siku ishirini kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na kila asubuhi alikuwa anafuta moja.

Basi siku ya kwanza tukangoja. Saa tatu ikapita, saa sita ikapita. Saa kumi na moja jioni barua ikafika: Mheshimiwa Waziri amepata udhuru, atakuja kesho. Mshereheshaji akawashukuru watoto kwa kujitokeza kwa wingi, akasema itifaki imezingatiwa. Kwenye fomu ya uchangamfu, mbele ya jina la binti yangu, msimamizi aliandika: "Kukaa: vizuri sana."

Jioni Sikudhani aliniuliza, "Baba, kesho nikishachangamka nitaruhusiwa kwenda kwa Bibi?"

"Mara tu likizo ikizinduliwa," nikamwambia. "Saa hiyo hiyo, mwanangu."

Kesho yake Mheshimiwa Waziri alipata udhuru mwingine. Siku ya tatu alituma udhuru asubuhi na mapema, akatuomba tungoje hivyo hivyo.

*

Siku ya tano mama yangu akashuka kwenye basi la asubuhi, baiskeli ikashushwa kutoka juu, akaisukuma moja kwa moja mpaka uwanjani. Nilikuwa napanga chupa za maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko likizo, mama. Pale, safu ya tisa."

Akatazama. Watoto mia nne, kimya, mikono juu ya mapaja, wanatazama hema. Mama amezalisha wanawake gizani, kwenye mvua, hata juu ya mkokoteni. Sijapata kumwona ameshtuka vile.

"Wanaumwa nini?"

"Hawaumwi, mama. Wanamngoja mgeni rasmi."

"Tangu lini?"

"Leo siku ya tano."

"Ebo! Na wamefanya nini siku zote hizo?"

"Wamechangamka," nikasema, nikamwonyesha fomu.

Mama akaisoma fomu, akaigeuza nyuma, akanirudishia kwa vidole viwili. "Salehe, mimi nimekuja kumchukua mjukuu wangu. Nina goti la siku kumi na sita. Mwite."

Nilimweleza kwa upole. Viti vilikuwa mia nne, na orodha iliyopelekwa wizarani ilikuwa na watoto mia nne. Mgeni rasmi akifika akaona pengo safu ya tisa atauliza, na akiuliza kata nzima itaaibika. Wakati nasema hayo akatokea bosi wangu, Mkurugenzi Shomvi, mtu mnene wa suti ya kijivu, ambaye hata salamu yake ina utangulizi.

"Mama yetu mpendwa," akasema, "kwa namna ya pekee kabisa, na kwa heshima zote, nikushukuru kwa kufika. Serikali inatambua mchango wa mabibi. Hata hivyo, kumfundisha mtoto baiskeli kabla ya uzinduzi ni kuanza likizo kiholela."

"Kiholela!" mama akasema. "Mwanangu, wewe ulizaliwa wapi?"

"Hospitali ya wilaya, mama."

"Wodini au barazani?"

Mkurugenzi akakohoa. Mama akamtazama vizuri zaidi, akapiga kofi. "Loo! Si mtoto wa Binti Hamisi wewe? Ulitoka barazani, ukitanguliza miguu, na utepe wa watu uko pale pale juu ya mlango. Mikono hii. Wala hukungoja mtu. Leo ndiyo umejua kungoja?"

Watoto wa safu ya kwanza wakacheka. Wasimamizi wakaandika majina yao, maana kucheka ni furaha, na furaha ya kifungu cha kwanza ilikuwa bado haijazinduliwa. Mkurugenzi Shomvi akasema atalichukua jambo hilo na kulifanyia kazi. Kisha akaenda kunywa maji ya meza kuu, jambo ambalo kwa itifaki haliruhusiwi.

Mama hakurudi kijijini. Akahamia kwangu, na kila asubuhi alikuwa anaiegemeza baiskeli kwenye ua wa uwanja, anakaa kando yake na kulichua goti lake kwa mafuta ya karafuu, huku anahesabu siku kwa sauti ili nisikie.

*

Sasa wasomaji wa nchi nyingine watauliza kwa nini Waziri hakutuma mtu wa kumwakilisha. Alituma! Msituone wajinga. Siku ya saba ilikuja barua kwamba atawakilishwa na Naibu Waziri. Siku ya tisa Naibu Waziri naye akapata udhuru, akasema atawakilishwa na Katibu Mkuu. Katibu Mkuu alikuwa kwenye kongamano la kujadili kwa nini likizo zinachelewa kuanza, akamteua Mkuu wa Mkoa. Mkuu wa Mkoa akateremsha kwa Mkuu wa Wilaya. Kila barua ilikuwa lazima igongwe mihuri mitano, na mhuri wa nne ulikuwa wa mtu ambaye yuko likizo.

Kazi yangu ilikuwa kurekebisha risala, ile hotuba ya watoto kwa mgeni rasmi. Mwanzoni ilianza, "Mheshimiwa Waziri, sisi watoto tunafurahi sana." Kufikia siku ya kumi na tatu ilianza hivi: "Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, unayemwakilisha Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, anayemwakilisha Katibu Mkuu, anayemwakilisha Mheshimiwa Naibu Waziri, anayemwakilisha Mheshimiwa Waziri," na kufika kwenye kufurahi ilikuwa ukurasa wa pili. Msomaji wa risala alikuwa binti wa miaka kumi na miwili mwenye sauti nzuri. Siku ya kumi na nne sauti ilimkauka akaomba awakilishwe.

Wakati wote huo redio ya taifa ilitangaza mafanikio. "Watoto wachangamka nchi nzima," ilisema. Mtangazaji wao mmoja, kijana anayeitwa Mkali, alikuwa amepiga kambi uwanjani kwetu. Akamsogezea Sikudhani kipaza sauti.

"Waambie wasikilizaji, umejifunza nini likizo hii?"

Sikudhani akafikiri. Si mtoto wa uongo. "Nimejifunza kukojoa mara moja kwa siku," akasema.

Walirusha hewani sehemu ya "nimejifunza" tu.

Nami nilianza kumwona binti yangu anavyobadilika. Siku za kwanza mama alipohamia, akirudi nyumbani alikuwa anakimbilia baiskeli iliyoegemezwa uani, anashika usukani, anapiga kengele, bila kupanda, maana likizo ilikuwa bado. Wiki ya pili akawa anaipita tu. Jioni moja nilimkuta amekaa kwenye kigoda jikoni, mikono juu ya mapaja, mgongo umenyooka, anatazama ukuta. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Nimekaa." Mke wangu akanigeuzia uso. "Hongera, baba Sikudhani," akaniambia. "Umemaliza mtoto." 

*

Siku ya kumi na nane, saa nne asubuhi, Mkurugenzi Shomvi akaniita ofisini. Mkuu wa Wilaya alikuwa amemteua yeye, na yeye, kwa majonzi makubwa, alikuwa amepata udhuru. Akanikabidhi barua. Nikaisoma mara mbili. Mwakilishi wa mgeni rasmi nilikuwa mimi.

Jamani! Nilitoka pale mbio. Miaka kumi na saba nimekuwa nikibeba mkasi juu ya kisahani kwa ajili ya mikono ya watu wengine, na leo mkono ni wangu! Kukata ni sekunde moja. Watoto mia nne wangeingia kwenye hema lile, na Sikudhani angekuwa juu ya baiskeli kabla ya adhana ya adhuhuri. Zilikuwa zimebaki siku mbili na ushee kabla ya goti kupasuliwa. Zinatosha. Mama alikwishafundisha watu kwa siku moja.

Nikafika uwanjani nahema. Sikudhani aliona barua mkononi, akaona uso wangu, akasimama kwenye kiti bila ruhusa.

"Baba, ni wewe? Kata!"

"Kata, baba Sikudhani! Kata!" watoto wakapokea. Mama alikuwa ameshashika baiskeli kwa mikono miwili.

Nikanyoosha mkono kuuchukua mkasi, na hapo, ole wangu, nikakumbuka kazi yangu. Mgeni rasmi hupokelewa. Mimi nilikuwa pale tangu saa kumi na mbili, nimepanga viti mwenyewe. Nani amempokea nani? Mtu hawezi kujipokea, hata mkataba wa kazi unakataza. Tena nilikuwa namwakilisha Waziri mzima, na lipo Jedwali la Uchelewaji wa Viongozi, ambalo naomba radhi kusema pia nililichapa mimi: diwani huchelewa nusu saa, mkuu wa wilaya nusu siku, waziri siku tatu. Mwakilishi akiwahi, anamvunjia heshima anayemwakilisha.

Nikarudisha mkono. "Watoto wapendwa," nikasema, "mgeni rasmi bado hajafika. Tuendelee kungoja." Kisha nikaenda nyumbani kujifungia, ili nisiwepo.

Siku tatu zingenifikisha siku ya ishirini na moja, adhuhuri. Mama angekuwa hospitali tangu alfajiri. Hesabu hiyo naijua, msinifanye mjinga. Nilikaa chumbani nimevaa suti, nakunywa chai.

Jioni Sikudhani akagonga mlango. "Baba, si umo humo ndani?"

"Mgeni rasmi hayupo, mwanangu."

"Mkasi upo jikoni. Nikupitishie chini ya mlango?"

"Mwanangu, utepe haukatwi chumbani."

Niliona kivuli cha miguu yake pale chini, hakiondoki. "Bibi ana siku mbili tu," akasema, bila kulia, kwa ile sauti ya kuripoti aliyojifunza uwanjani. Iliniuma. Nasema wazi, iliniuma kuliko jambo lolote nililowahi kulifanya kwa kufuata utaratibu.

Baadaye akaja mama mwenyewe, yeye hakugonga, alipiga mlango teke kwa mguu wenye goti zima. "We Salehe! Mimi nilikuzaa peke yangu, mvua inanyesha, mkunga mwenyewe nilikuwa mimi! Hakuna aliyekuja kukuzindua! Ulipiga kelele mwenyewe ukaanza!"

"Mama, kuna jedwali."

"Hilo jedwali lala nalo wewe," akasema, "na mimi nitalala na mjukuu wangu." Nikasikia wanaondoka, mguu mmoja mzito, miwili myepesi.

Usiku ule niliamua jambo ambalo afisa itifaki hajawahi kuliamua katika historia ya taifa letu. Niliamua kupunguza uchelewaji. Ningefika siku ya ishirini, saa sita mchana, siku nzima kabla ya wakati wangu wa kuchelewa. Mtanisamehe, mimi ni mzazi.

*

Siku ya ishirini msafara wangu ulipangwa haraka haraka. Mbele pikipiki ya polisi yenye king'ora. Nyuma yake gari langu, ambalo lilikuwa limeazimwa kwenye harusi na bado lina maua kwenye boneti. Halafu gari la wagonjwa, sijui kwa ajili ya nani, halafu lori la maji la kumwagia vumbi. Mtangazaji Mkali alikaa nami nyuma, kipaza sauti mapajani.

Kitu nisichokijua, maana nilikuwa bado sijafika, ni kwamba siku hiyo mama alikuwa ameamka mapema kuliko serikali. Alichukua mto wa kitandani, akauvika sare ya Sikudhani, akaufunga kilemba, akaukalisha kiti namba mia mbili na kumi na mbili. Msimamizi alipita mara nne. Fomu ninayo hapa. Mbele ya jina la binti yangu ameandika: "Ametulia kupita wote. Anafaa kupewa zawadi."

Barabara ya kwenda uwanjani inapanda kati ya mashamba ya mihogo. Ni nyembamba, na sheria ya misafara ni rahisi: msafara haupishi, msafara hupishwa. Ng'ombe wanalijua hilo, majeneza yanalijua. King'ora kilikuwa kinalia, watu wanaruka pembeni, nami nilikuwa napunga mkono vile nilivyowaona wakubwa wakipunga, kidogo kidogo, kama mtu anayefukuza nzi mmoja.

Mbele yetu barabara ikawa na kitu cheusi. Kinakuja.

Ilikuwa baiskeli ya mama. Juu yake binti yangu, amesimama juu ya pedali kwa sababu tandiko lilikuwa refu kwake, misuko ya nywele imefumuka, mdomo wazi. Usukani ulikuwa unayumba kulia, kushoto, kulia, lakini alikuwa anakwenda, wallahi alikuwa anakwenda! Na kule juu mwanzo wa mteremko, mbali kabisa nyuma yake, mama yangu amesimama katikati ya barabara, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa ameshamwachia zamani.

Polisi akapiga king'ora na kumpungia atoke. Sikudhani hakutoka.

"Pisheni!" sauti yake ikatufikia. "Baba, pisha! Sijui kusimama!"

Baadaye nilielezwa kwamba breki ilikuwa somo la mchana.

Dereva akashika usukani kwa nguvu. "Mheshimiwa, msafara haupishi."

"Pisha!"

"Kwa amri ya nani, mheshimiwa?"

Hapo ndipo nilipotenda kosa langu, na nalikiri mbele ya kila mtu. "Kwa amri ya Waziri!" nikapiga kelele. "Mimi hapa ndiye Waziri! Pisha, bwana wee, ni mwanangu!"

Pikipiki iliingia kwenye mihogo kwanza. Sisi tukafuata na maua yetu, gari la wagonjwa likatufuata sisi, na lori la maji likalala upande, likamwaga mzigo wote, shamba likawa tope. Serikali nzima ikawa pembeni ya barabara, na mtoto mmoja wa miaka kumi akapita katikati. Hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anatazama mbele, macho yamemtoka, na usukani ulikuwa umeacha kuyumba.

Nilifungua mlango nikatoka, tope hadi magotini, suti imekwisha. Nikataka kusema kitu cha maana, nikaona nalia na kucheka kwa pamoja kama mwehu. Mtangazaji Mkali akatambaa nje na jani la muhogo kichwani, akanisogezea kipaza sauti, maana kazi ni kazi.

"Mheshimiwa mwakilishi, wananchi wote wanasikiliza. Naomba utamke rasmi: je, likizo imeanza?"

"Muulize yule," nikasema.

"Yupi, mheshimiwa?"

Tulipogeuka barabara ilikuwa tupu. Alikwishakata kona. Tulisikia kengele tu, ikienda mbali, na juu ya mteremko mama yangu anakuja anachechemea, analikimbiza goti lake kwa mara ya mwisho, anapiga kelele kwa sauti yake yote: "Usisimame, mwanangu! Usisimame!"